Roketi ya Kwanza ya Klabu Inapogoma: Dalili, Chanzo na Tiba

Mwongozo huu ni wa klabu za vyuo za Nakuru, Njoro, Kisumu, Maseno, Kakamega na Eldoret zinazounda roketi ya kwanza ya mota ya daraja la H au I, yaani mota iliyonunuliwa ikiwa tayari, yenye jumla ya msukumo wa Nyutoni-sekunde 160 hadi 640. Mota za kupika wenyewe hazimo humu. Huo ni ugonjwa mwingine, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, ina neno nao. Tunachukulia pia kwamba ruhusa ya anga mmeshaiomba kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kwamba Kenya Space Agency wana habari zenu. Bila hayo, tatizo la kwanza halimo ndani ya roketi.

Roketi nyingi za kwanza huharibikia mezani, na shambani huenda kuonyesha tu ubovu uliokuwamo. Kwa hiyo chini ya kila dalili tumeweka kwanza kipimo cha kufanya karakanani.

Kompyuta inajua mko wapi?

Anzieni hapa hata kama roketi bado haijaonyesha dalili yoyote. OpenRocket, programu ya kompyuta ya kukisia safari ya roketi kabla haijarushwa, ni ya bure na ni nzuri, lakini msipogusa mipangilio yake inadhani mnarusha kutoka Florida: latitudo 28.61 kaskazini, usawa wa bahari, reli ya mita 1 (mhimili unaoiongoza roketi inapoanza kupaa), upepo wa mita 2 kwa sekunde. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Eldoret karibu 2,100, Kakamega karibu 1,530 na Kisumu karibu 1,130. Hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 ina uzito wa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Nakuru mchana wa nyuzi 25 ni kama 0.95. Kisumu kwenye nyuzi 29 ni kama 1.02.

Hewa ikiwa nyepesi, roketi hupaa juu zaidi, huchukua muda mrefu zaidi kufika kileleni baada ya mota kuzima, na hushuka kwa kasi zaidi chini ya parachuti ileile. Makosa matatu tofauti yatakayokuja huko chini yana mzizi huu mmoja. Badilisheni mwinuko, joto, latitudo na urefu wa reli, kisha hifadhini faili kwa jina la uwanja wenu ili mwenzenu asije akarudi Florida bila kujua.

Jambo la pili ni uzito. Uzito ambao programu inaonyesha ni makisio ya plaiwudi na karatasi ambazo hamjazinunua. Tafuteni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, pimeni kila kipande kabla ya kukigandisha, na roketi ikikamilika muiweke juu ya ukingo wa rula pamoja na mota na parachuti ndani. Pale inapotulia bila kuinama ndipo kilipo kitovu chake cha uzito. Andikeni namba hizo mbili ndani ya programu, zifute makisio.

Inayumba au kupinduka mara tu inapoacha reli

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, kwa sababu wakati huo roketi ina mota kamili na watazamaji wako karibu. Ina vyanzo vitatu, na mara nyingi viwili huja pamoja.

Cha kwanza ni kitovu cha uzito kuwa nyuma mno. Lazima kitangulie kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu zote za hewa juu ya roketi zinapokutana (programu hukionyesha), kwa angalau kipenyo kimoja cha mwili, na vizuri zaidi kimoja na nusu. Kwa roketi ya kipenyo cha milimita 98, hiyo ni milimita 98 hadi 147. Kosa la kawaida si la hesabu, ni la epoksi. Tuseme roketi ina kilo 2.0 na kitovu cha uzito kiko milimita 900 kutoka ncha ya pua. Vijana wa zamu ya jioni wanaongeza gramu 150 za epoksi na rangi kwenye mapezi, yaani mabawa madogo ya mkiani, milimita 1,350 kutoka ncha. Kitovu kinarudi nyuma milimita 31, karibu theluthi moja ya kipenyo. Kukirudisha kunadai gramu 84 za risasi ya nyavu za wavuvi, milimita 100 kutoka ncha, ikiwa imemwagiwa epoksi na kupitishiwa msumari ili isichomoke. Sasa roketi ina kilo 2.23, na mota mliyochagua imekuwa dhaifu kidogo. Gundi ya mkiani hulipwa mara mbili.

Cha pili ni kasi ndogo ya kuacha reli. Mapezi hayafanyi kazi bila upepo wa kutosha juu yake. Lengeni mita 15 kwa sekunde. Wengi huhesabu reli nzima, lakini roketi hushikwa na reli kwa vitufe viwili vilivyofungwa mwilini mwake, na uongozi unaisha pale kitufe cha juu kinapotoka. Reli ya mita 2.4, roketi imekaa sentimita 15 kutoka chini, vitufe vimeachana sentimita 60: umbali wa kweli ni mita 1.65. Msukumo ukiwa mara 5 ya uzito wa roketi, itatoka kwa mita 11.4 kwa sekunde. Ukiwa mara 8, itatoka kwa mita 15. Ule uwiano wa 5 kwa 1 unaotajwa kila mahali ni kiwango cha chini kabisa, nasi hatuupendekezi kwa reli fupi. Tena angalieni msukumo wa nusu sekunde ya kwanza kwenye mchoro wa mota, si wastani, maana zipo mota zinazoamka polepole.

Cha tatu ni kitufe kung'oka. Skrubu iliyoshika karatasi peke yake itatoka. Gandisheni kipande cha mbao ngumu ndani ya mwili pale skrubu inapoingia. Kipimo ni rahisi: itelezesheni roketi kwenye reli kwa mkono, juu hadi chini. Ikikwama popote, vitufe havijanyooka. Na kama mko Ahero au popote kwenye udongo mweusi wa Kano, wekeni vipande vya mbao chini ya miguu ya jukwaa. Mvua ikinyesha usiku mguu mmoja huzama na reli iliyokuwa wima jana haiko wima leo. Kuinamisha reli kunaruhusiwa, lakini kamwe si zaidi ya nyuzi 20 kutoka wima, na kamwe si kuelekea watu.

Inapaa imenyooka, kisha inalalia upande wa upepo

Hapa kuna kinyume chake: roketi ni tulivu kupita kiasi. Kitovu cha uzito kikitangulia kwa vipenyo vitatu au zaidi, mapezi hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka, na roketi inakwenda kama mkuki badala ya kupanda. Inafika kileleni ikiwa bado na kasi ya kwenda mbele, na parachuti ikitoka hapo ndipo mwili hupasuka. Punguzeni ukubwa wa mapezi kabla ya kufikiria kuongeza uzito popote.

Saa nayo ina maana. Pwani ya ziwa Kisumu, upepo wa kutoka ziwani huamka asubuhi ikisogea, na alasiri mawingu ya radi hujikusanya upande wa Nandi na Kakamega. Tayarisheni kila kitu jana yake ili roketi ya kwanza iwe juu kabla ya saa nne asubuhi. Upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, fungeni vitu. Mkisikia radi, ondoeni kiwashio kwenye mota kwanza, halafu ndipo mzungumze.

Pezi limeng'oka, au video ina mlio wa mvumo

Liokoteni pezi na mtazame upande wa chini wa gundi. Kama kuna utando mwembamba wa kahawia unaong'aa, laini kama karatasi ya peremende, gundi ilishika vizuri sana, ila ilishika ule utando wa nje wa bomba la karatasi wala si bomba lenyewe. Tiba ni msasa namba 80 hadi mng'ao wote uishe, vumbi lifutwe kwa spiriti, kisha ndipo epoksi. Pezi lipite kwenye mkato wa mwili na kushika bomba la mota ndani. Lile lililobandikwa nje tu halina mahali pa kujishikiza. Kona za gundi ziwe na mviringo wa milimita 10 hivi. Kipande cha bomba la maji la milimita 20 huzichora vizuri.

Kama pezi lilivunjika katikati, nalo lilikuwa na mvumo kabla ya kuvunjika, hilo lilitetema hadi likaenda. Plaiwudi ya milimita 3 ni nyembamba mno kwa mota ya I. Kasi ambayo pezi huanza kutetema hukua kwa unene ukipandishwa kwa kipeo cha 1.5, kwa hiyo pezi la milimita 6 huvumilia karibu mara 2.8 ya kasi ya lile la milimita 3 lenye umbo lilelile. Nyuzi za nje za plaiwudi zifuate urefu wa pezi kutoka mwilini kwenda nje, si sambamba na mwili. Hewa nyepesi ya Nakuru, kwa mara hii moja, inawapendelea.

Mafundi wa faibaglasi wanaotengeneza boti wanaweza kuwavisha mapezi tabaka moja kila upande. Waelezeni wazi kwamba mnataka tabaka jembamba. Fundi wa boti huongeza kwa wema, nanyi mtarudi kwenye hesabu ya gramu 84.

Bomba la PVC la maji msilitumie kwa mwili hata likipatikana bure. Likipasuka hurusha vigae vikali kila upande. Bomba nene la karatasi linalobaki baada ya mkunjo wa zulia au kitambaa kuisha ni bora zaidi, mradi limenyooka na halijanyeshewa.

Pua inachomoka kabla ya kilele

Wengi hulaumu altimita, kifaa kinachopima urefu kwa shinikizo la hewa na kuwasha baruti ya kutolea parachuti. Kabla ya kuigusa, tafuteni tundu la hewa kwenye mwili. Kama halipo, mmepata jibu. Roketi ikiondoka Nakuru na kupanda mita 850, shinikizo la nje hupungua kwa karibu kilopaskali 8. Hewa iliyofungiwa ndani ya bomba la milimita 98 inasukuma pua kwa takriban Nyutoni 60, sawa na mtu kuning'iniza mfuko wa kilo 6 za unga kwenye pua yenu. Toboeni tundu la milimita 3 kwenye kila chumba kilichofungwa, chini ya mahali kiungo cha pua na mwili kinapoishia.

Kama tundu lipo, basi kiungo kimelegea. Mota ikizima, mkia wenye mapezi hupunguza kasi haraka kuliko pua nzito, na viwili hivyo vinaachana. Wekeni pini mbili au tatu za nailoni za kukatika, zinazoshika pua hadi baruti izikate.

Kishindo kimesikika, parachuti imebaki ndani

Roketi inashuka ikiwa nzima, pua chini. Mkishaichimbua, angalieni kwanza kama mota bado imo. Ikiwa haimo, baruti ya kutolea parachuti ilichagua njia rahisi: ilisukuma mota nyuma badala ya pua mbele. Utepe wa karatasi wenye gundi uliozungushwa kwenye mota hautoshi kwa daraja hili. Inahitajika kishikio cha kukaza kwa nati, au skrubu mbili zenye vibati vinavyokalia ukingo wa mota.

Ikiwa mota imo, chanzo ni kubana. Karatasi hunyonya unyevu. Kiungo kilichoteleza vizuri karakanani Ijumaa kinaweza kukwama Jumamosi alfajiri kando ya ziwa. Ishikeni roketi kwa pua, mwili ukining'inia: haupaswi kuanguka wenyewe, lakini mkiutikisa kidogo uteleze. Ukikataa, pigeni msasa hapo hapo uwanjani. Parachuti iingie ndani ya bomba kwa kusukumwa na vidole viwili. Ikihitaji ngumi, imekunjwa vibaya.

Kwa roketi yenye altimita, jaribio la ardhini ni lazima: roketi imelazwa, parachuti na kamba zote ndani kama siku ya kuruka, pua ikitazama mahali patupu, watu wakiwa mbali na upande, kiwashio kikiwashwa kwa waya mrefu. Pua itoke na kuivuta parachuti nje kabisa. Kuchungulia tu hakuhesabiki. Baruti iwe imepatikana kihalali na ishughulikiwe na mtu mmoja aliyefundishwa, wala isipimwe kwa kijiko. Mtaambiwa kwamba hewa nyepesi ya Bonde la Ufa inazuia baruti kuwaka. Si kweli kwa urefu huu. Shida hiyo huanza juu sana, ambako mota ya I haiwafikishi.

Mwili umechanika kutoka mdomoni kwenda chini

Mchaniko huu unajitambulisha: unaanzia ukingo wa bomba, una upana wa kamba, na kingo zake zimekunjukia nje. Parachuti ilifunguka roketi ikiwa bado na kasi. Kama ni mota yenye muda wa kuchelewa uliopangwa kiwandani, yaani sekunde kati ya mota kuzima na baruti yake kutoa parachuti, rudini kwenye faili la Florida: muda uliofaa usawa wa bahari ni mfupi mno kwa Njoro. Iendesheni tena hesabu kwa mwinuko wa kweli.

Kamba nayo iwe na urefu wa mara 3 hadi 5 ya roketi nzima. Nailoni ya kawaida inayouzwa madukani huyeyuka inapopigwa na gesi ya moto, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na mota iwe ya Kevlar, na parachuti ifunikwe kwa kitambaa kisichoshika moto. Boliti ya jicho iwe imefungwa mviringo wake kwa kuchomelewa. Ile iliyo wazi hunyooka kama ndoano ya samaki mkubwa.

Inatua kwa kishindo ingawa parachuti ilifunguka

Hesabu ya roketi ya kilo 2 bila kemikali ya mota, ikitakiwa kushuka kwa mita 5.5 kwa sekunde na parachuti bapa ya duara: usawa wa bahari inahitaji kipenyo cha mita 1.34, Kisumu 1.47, Nakuru 1.52. Mkipeleka Nakuru ile ya mita 1.34, itashuka kwa mita 6.2, na nguvu ya kugonga itaongezeka kwa karibu asilimia 29. Hiyo inatosha kuvunja pezi lililokuwa zima.

Fundi wa cherehani anaweza kuishona kwa siku moja kwa kitambaa chepesi cha nailoni kama cha mwavuli. Mpeni vipande 8, kamba 8 zenye urefu wa angalau mara moja na robo ya kipenyo, na mumwombe azipitishe juu ya mshono hadi kileleni, si kuzishonea ukingoni tu.

Altimita inasoma vibaya au inalipua mapema

Kwa chumba cha altimita cha kipenyo cha milimita 98 na urefu wa milimita 200, chenye lita 1.5 hivi, toboeni matundu matatu ya milimita 3.5, yakiachana nyuzi 120. Tundu moja peke yake hupokea upepo wa upande mmoja na kuidanganya sensa. Kingo zisafishwe kwa msasa. Nywele za karatasi zilizobaki huvuruga hewa. Jua lisipenye moja kwa moja hadi kwenye sensa.

Altimita ikizimika katikati ya safari, shukuni betri kabla ya ubao. Shikeni chumba kizima mkakitikise kwa nguvu mkisikiliza milio. Ikikatika, fungeni betri kwa vibana vya plastiki, mlehemu waya badala ya kuzisokota.

Mmebonyeza, kimya

Subirini sekunde 60 baada ya kuondoa ufunguo wa usalama. Hakuna anayesogea kabla ya hapo, hata mwenyekiti wa klabu.

Betri ya pikipiki ya volti 12 inatosha, waya ndiyo humeza umeme. Umbali wa chini kutoka kwa mota ya H au I ni mita 30, kwa hiyo umeme unasafiri mita 60 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 una ukinzani wa takriban omu 1.4, wa 2.5 una omu 0.4. Nunueni wa pili. Sugueni klipu kwa msasa baada ya kila mota, maana moshi huacha utando usiopitisha umeme.

Mota ikikohoa mara mbili tatu bila kuondoka, kiwashio hakikufika juu kabisa ndani ya mota. Pimeni urefu wa mota nje, tieni alama kwenye waya, na mhakikishe alama inafika mlangoni kabla ya kukibana.

Imetua, haionekani

Kutoka mita 800 kwa mita 5 kwa sekunde ni sekunde 160. Upepo wa mita 6 utaipeleka karibu kilomita moja, na upande wa Muhoroni au Mumias hapo ni katikati ya miwa inayompita mtu kimo. Mkitumia kwanza parachuti ndogo ya kushukia kwa mita 22 kwa sekunde, kisha kubwa kwa mita 150 za mwisho, muda wote ni chini ya dakika moja na umbali kama mita 360. Kwa roketi ya kwanza mota ndogo ya H hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu: isipande sana.

Wekeni king'ora kidogo cha umeme ndani na rangi ya chungwa nje. Kijani na kahawia ni rangi za kupotea. Watu wawili wasimame mbali na kila mmoja achukue mwelekeo wa dira pale roketi inapozama nyuma ya miwa. Mistari miwili ikikutana kwenye ramani ya simu, nendeni kwa mwenye shamba kwanza, mmweleze kilichoangukia kwake, kisha muingie kwa mstari mmoja bila kukanyaga miche.